Mtungi wa Gesi na Mizani: Mambo Ambayo Macho ya Mnunuzi Hayaoni

Asubuhi yenye ubaridi, mnunuzi wa mawese katika soko la Mwandiga anaweza kuonyeshwa dumu ambalo mafuta yake yamejigawa. Juu kuna mafuta mepesi, mekundu, yanayotiririka. Chini yametuama mafuta mazito, ya rangi ya machungwa iliyopauka, yaliyoganda nusu. Mgeni akiyaona huenda akashuku kwamba yamechanganywa na kitu kingine. Mwenyeji hashtuki. Anajua kwamba jua likipanda, au dumu likisogezwa karibu na figa, mafuta yote yatakuwa kitu kimoja tena. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Kilichobadilika ni hali tu, na kilichoibadili ni joto.

Tumeanza na mawese kwa kuwa mkazi wa Kigoma ameyazoea tangu utotoni, na kwa kuwa sheria inayoyagandisha mafuta hayo ndiyo inayotawala kitu kingine ambacho sasa kinaingia katika majiko mengi ya Mwandiga, Ujiji na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika: mtungi wa gesi ya kupikia. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Kwa familia nyingi safari hiyo inaanza na mtungi mdogo wa kilo 6, ulionunuliwa kwa fedha iliyowekwa kidogo kidogo.

Tofauti na bidhaa nyingine sokoni, gesi haionekani. Sado la maharage mnunuzi huliona likijazwa, na dagaa huwagusa kwa mkono. Mtungi wa chuma umefungwa, na mtu hubaki akikisia kwa kuutikisa, kuugonga au kutazama ukali wa moto. Lengo letu katika makala haya ni kueleza kinachotokea ndani ya mtungi, ili msomaji aone kwa nini makisio hayo yote hudanganya, kwa nini mizani pekee husema kweli, na kwa nini baadhi ya mazoea ya jikoni ni ya hatari.

Kilichomo ndani ya mtungi

Gesi ya mitungi, iitwayo kwa kifupi LPG, ni mchanganyiko wa vitu viwili hasa: propani na butani. Katika hewa ya kawaida vyote viwili ni gesi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani huchemka karibu na nyuzi sifuri, joto ambalo maji hugandia. Kwa kuwa Mwandiga hakuna baridi ya namna hiyo, mtu angetarajia kwamba vitu hivyo visingeweza kamwe kuwa kimiminika hapa kwetu.

Lakini joto si mtawala wa pekee wa hali ya kitu. Mtawala wa pili ni mgandamizo. Ushahidi tunao katika sufuria ya maji. Pwani, Dar es Salaam, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi na huyagandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 97. Ukipunguza mgandamizo, kitu huchemka mapema. Ukiuongeza, huchelewa kuchemka.

Kiwanda cha gesi hutumia kanuni hiyo hiyo. Kikiigandamiza propani na butani ndani ya chuma kigumu, sehemu kubwa hugeuka kimiminika kinachofanana na maji safi, na juu yake hubaki nafasi iliyojaa mvuke. Ndiyo maana mtungi ukitikiswa husikika mchakato wa kitu kinachocheza ndani. Gesi ikigeuzwa kimiminika hupungua ujazo karibu mara 250, na kwa sababu hiyo nishati ya kupikia wiki kadhaa huweza kubebwa kwa mkono mmoja kutoka dukani.

Mtungi haujazwi hadi juu. Kimiminika huachiwa takriban asilimia 80 ya ujazo, na nafasi inayobaki ni ya usalama. Kikipata joto, kimiminika hutanuka. Kikikosa pa kutanukia, husukuma chuma chenyewe kwa nguvu isiyovumilika. Hivyo anayemwomba muuzaji "amwongezee kidogo" juu ya kipimo hajipatii faida. Anajinunulia hatari.

Kwa nini moto haukupi habari ya kiasi kilichobaki

Kosa lililoenea kuliko yote ni kudhani kwamba mtungi hufanya kazi kama gurudumu la baiskeli: hewa ikiwa nyingi mgandamizo ni mkubwa, ikipungua mgandamizo hushuka. Gurudumu limejaa hewa tupu. Mtungi wa gesi una kimiminika na mvuke wake pamoja, na jambo hilo hubadili kila kitu.

Mvuke unapotoka kwenda jikoni, kimiminika huchemka kidogo na kuziba pengo lililoachwa. Mvuke ukizidi, sehemu yake hurudi kuwa kimiminika. Pande hizo mbili hufikia mapatano, na mapatano hayo hutegemea joto la mtungi, wala hayategemei wingi wa kimiminika. Katika nyuzi 25, ambazo ni joto la kawaida la Kigoma, propani tupu husukuma kwa nguvu ya takriban mara tisa na nusu ya mgandamizo wa hewa, na butani tupu karibu mara mbili na nusu. Mchanganyiko wake huwa katikati. Mtungi uliojaa na mtungi uliobakiwa na robo, vikiwa na joto moja na gesi ya aina moja, husukuma karibu sawasawa.

Mchanganyiko huo una tabia moja ndogo ya ziada. Propani ni nyepesi kuondoka kuliko butani, hivyo hutangulia kutoka, na kimiminika kinachobaki mwishoni huwa na butani nyingi zaidi. Mgandamizo hushuka kidogo kadiri siku zinavyokwenda, lakini mabadiliko hayo ni ya polepole mno kuweza kusomwa kwa macho.

Funzo kwa mtumiaji ni hili. Moto mkali wa siku ya kwanza haumaanishi kwamba mtungi ulikuwa umejaa. Mtungi uliopunjwa kilo nzima utawaka vizuri sawa na mtungi halali, na udhaifu wake utaonekana siku ambayo maharage hayajaiva na moto umezimika. Hata kipimo cha mshale kinachofungwa juu ya baadhi ya vidhibiti hupima mgandamizo. Kinafaa kukuonyesha kwamba pana uvujaji, lakini hakikuambii gesi imebaki kiasi gani.

Mtungi wa udongo na mtungi wa chuma

Wengi wamegundua kwamba mtungi wa gesi hupoa wakati wa kupika, na pengine hutoka jasho. Wapo wanaohisi kwamba gesi yenyewe ni ya baridi, na wapo wanaohofu kwamba mtungi umeharibika. Jibu limo katika mtungi mwingine ambao nyumba zetu zimeujua kwa vizazi vingi: mtungi wa udongo wa maji ya kunywa. Maji hupenya polepole katika udongo, hukauka kwa nje, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto. Yanayobaki ndani hupoa.

Mtungi wa chuma hufanya vivyo hivyo. Kimiminika hakiwezi kugeuka mvuke bila kula joto, na joto hilo hukitoa kwenye chuma na kwenye hewa inayouzunguka mtungi. Ukipika kwa moto mdogo, hewa hurudisha joto kwa wakati. Ukiwasha moto mkubwa kwa saa nyingi, kama katika shughuli au kwenye jiko la mama lishe, mtungi mdogo hupoa kuliko unavyoweza kupashwa na hewa. Unyevu wa hewa hugeuka umande juu yake, mgandamizo hushuka, moto hulegea ingawa gesi ingalimo.

Katika hali hiyo mtumiaji hudhani gesi imekwisha, akaurudisha mtungi dukani ukiwa bado na gesi aliyoilipia. Ushauri wetu ni rahisi. Moto ukilegea na mtungi ukiwa wa baridi, zima jiko, funga vali, uache mtungi upumzike mahali penye hewa hadi urudi katika joto la kawaida, kisha ujaribu tena. Anayepika kwa wingi kila siku atumie mtungi mkubwa zaidi, kwa kuwa wenye kimiminika kingi na eneo kubwa la chuma hupoa polepole.

Kamwe usiupashe mtungi moto. Usiuweke juani makusudi, usiumwagie maji ya moto, usiusogeze karibu na figa wala jiko la mkaa. Dumu la mawese hukusamehe ukilisogeza motoni. Mtungi wa gesi hausamehi. Joto likipanda, mgandamizo hupanda nalo, na kimiminika hutanuka kuelekea ile asilimia 20 iliyoachwa wazi.

Mizani, na hesabu ambayo kila mtu anaiweza

Ikiwa sauti, moto na baridi havipimi kiasi, kimebaki kitu kimoja: uzito. Kilo moja ya gesi ni kilo moja, iwe kimiminika au mvuke, asubuhi au mchana. Ndiyo sababu gesi ya mitungi huuzwa kwa kilo.

Kila mtungi halali una namba za uzito wake ukiwa mtupu, zilizochorwa au kugongwa kwenye chuma, mara nyingi katika kola inayozunguka vali. Hesabu ina hatua moja: chukua uzito unaoonyeshwa na mizani, ondoa uzito wa mtungi mtupu, kinachobaki ni gesi.

Tuchukue mfano. Mtungi wa kilo 6 umeandikwa kwamba ukiwa mtupu una kilo 7.4. Ukijazwa sawasawa, mizani lazima isome kilo 13.4. Tuseme inasoma kilo 12.6. Toa 7.4, unabaki na 5.2. Mnunuzi amepungukiwa gramu 800, yaani zaidi ya sehemu moja ya nane ya gesi aliyoilipia. Akinunua mitungi minane ya namna hiyo, amelipia mtungi mzima ambao hakuupata. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba vilevile hukipunguza.

Kabla ya kupima, hakikisha mizani inasoma sifuri, imewekwa juu ya sakafu iliyo sawa, na ina alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Soma mwenyewe namba iliyo kwenye chuma, usisomewe. Tazama pia lakiri iliyofunika vali. Ikiwa imekatika, imelegea au imebandikwa upya, usiuchukue mtungi hata kama uzito umetimia.

Sharti la lakiri lina sababu ambayo wengi hawaijui, nayo ni maji. Maji na gesi ya kimiminika havichanganyiki. Maji ni mazito zaidi, kwa hiyo yakiingia mtungini hutuama chini kabisa, kama mafuta mazito ya mawese yanavyotuama chini ya mepesi. Hayawaki, wala hayatoki kwenda jikoni, lakini mizani huyahesabu. Mtungi ambao haukukaushwa vizuri, au uliojazwa na mtu asiye na leseni, huweza kuwa na uzito kamili na gesi pungufu.

Kwa hiyo tunashauri kupima mara mbili. Pima mtungi ukiununua. Gesi ikiisha, na mtungi ukiwa umerudi katika joto la kawaida, upime tena kabla ya kuurudisha. Uzito wake sasa unapaswa kukaribia sana ule ulioandikwa kwenye chuma. Ukizidi kwa nusu kilo au zaidi, ndani mna kitu ambacho hukukilipia kwa ridhaa, au kuna kasoro katika vali. Andika namba zote mbili pamoja na tarehe. Zitakuwa ushahidi wako.

Maji, baridi na "barafu inayowaka"

Maji ndani ya gesi yana madhara mengine zaidi ya kudanganya mizani, na hapa tunafikia mojawapo ya mambo ya ajabu katika elimu ya hali za vitu. Maji yakikutana na gesi fulani mahali penye mgandamizo mkubwa na baridi ya kutosha, chembe za maji hujipanga kama vizimba na kuifungia gesi ndani yake. Kinachopatikana ni kitu kigumu cheupe kama barafu, kiitwacho haidreti ya gesi. Kikiwa na methani, huweza kuwashwa kiberiti kikawaka huku maji yakidondoka. Kipande cha ujazo mmoja huweza kuficha gesi zaidi ya mara 150 ya ujazo huo.

Kwa muda mrefu haidreti ilikuwa kitu cha maabara. Mwaka 1934 mkemia Hammerschmidt wa Marekani alionyesha kwamba vizibo vilivyokuwa vikifunga mabomba ya gesi nchini humo, hata katika majira ambayo maji ya kawaida yasingeganda, vilikuwa haidreti. Tangu hapo viwanda vya gesi duniani kote huondoa maji kwenye gesi kabla ya kuisafirisha. Njia kuu mojawapo ni kuipitisha gesi katika kiyeyushi kiitwacho glaikoli, kimiminika kizito chenye uchu mkubwa wa maji: huyanyonya maji na kuiacha gesi iendelee na safari ikiwa kavu. Njia nyingine ni kutia methanoli, aina ya spiriti ambayo huyazuia maji yasijipange kuwa barafu wala haidreti.

Mwambao wetu una mfano mzuri wa sheria hii. Maji ya kina ya Ziwa Tanganyika hayana oksijeni, na ndani yake imeyeyuka methani inayotokana na masalia ya viumbe yanayooza. Kina cha ziwa hufikia mita 1,470, na mgandamizo wa chini kabisa ni karibu mara 145 ya ule wa hewa. Mtu anaweza kuuliza: je, huko chini hakuna barafu inayowaka? Hakuna, na kikwazo ni joto. Kwa mgandamizo huo methani huhitaji baridi ya chini ya takriban nyuzi 17 ili igeuke haidreti, ilhali maji ya chini ya Tanganyika yana nyuzi zinazozidi 23. Ziwa Baikal la Urusi, lenye kina cha mita 1,642, lina maji ya chini yenye nyuzi 3 hadi 4 tu, na huko haidreti zimepatikana katika tope la sakafu ya ziwa. Kina cha maziwa hayo mawili kinakaribiana. Joto ndilo linalotofautiana, na joto ndilo lililoamua.

Jikoni, mahali pa kuangalia ni kidhibiti cha mgandamizo, ambacho wengi hukiita regyuleta. Hapo gesi hushuka ghafla kutoka mgandamizo wa mtungi hadi mgandamizo mdogo sana unaofaa jiko, na kushuka huko hupoza. Gesi ikiwa kavu hakuna tatizo. Ikiwa na maji, na mtungi wenyewe umekwisha kupoa kwa matumizi makubwa, vijiko vidogo vya barafu au haidreti huweza kuziba tundu jembamba la kidhibiti. Moto hucheza, hupanda na kushuka bila mtu kugusa jiko. Ukiona hivyo, usikipige kidhibiti wala kukichokoa. Zima, funga vali, acha kirudi katika joto la kawaida. Tatizo likijirudia kwa mtungi ule ule, urudishe dukani na ueleze.

Kwa nini gesi ya Songo Songo haiji katika mtungi huu

Watumiaji wengi huuliza kwa nini nchi yenye gesi asilia, iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na baadaye Mnazi Bay huko Mtwara, bado inaagiza gesi ya kupikia kupitia bandarini na kuisafirisha kwa malori zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma. Sehemu ya jibu iko katika sheria ile ile ya joto na mgandamizo.

Gesi asilia ni methani kwa sehemu kubwa. Kila gesi ina kikomo cha joto ambacho juu yake haiwezi kugeuka kimiminika hata ukiigandamiza vipi. Kikomo cha propani ni karibu nyuzi 97 na cha butani ni karibu 152, yaani mbali juu ya joto la hewa yetu, hivyo zote mbili hutii mgandamizo mdogo. Kikomo cha methani ni nyuzi 82 chini ya sifuri. Katika hewa ya Mwandiga methani itabaki kuwa gesi tu. Ili ibebeke, lazima igandamizwe karibu mara 200 ya hewa katika mitungi minene, kama ile ya magari yanayotumia gesi Dar es Salaam, au ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri.

Kwa sababu hiyo mtungi wa gesi ya kupikia, kidhibiti chake na jiko lake havifai kwa gesi asilia, wala mtungi huo usitiwe gesi nyingine yoyote. Akija mtu akidai kuuza "gesi ya nchini" ya bei nafuu katika mtungi wa kawaida wa kupikia, usinunue, toa taarifa.

Mazoea manne ya kuacha

Kwanza, kuulaza au kuugeuza mtungi juu chini ili "kukamua" gesi ya mwisho. Mtungi ukisimama, kinachotoka ni mvuke. Ukilazwa, hutoka kimiminika chenyewe, ambacho kikifika jikoni hutanuka karibu mara 250 na kutoa mlipuko wa moto usiodhibitika. Mtungi usimame wima wakati wote, nyumbani na safarini, iwe kwenye bodaboda au ndani ya mtumbwi.

Pili, kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo. Anayefanya hivyo hana njia ya kuilinda ile nafasi ya asilimia 20, na gesi inayovuja wakati wa kazi hiyo hutanda chini ikingojea cheche. Kujaza mitungi ni kazi ya vituo vyenye leseni.

Tatu, kutumia mpira wa maji badala ya mpira wa gesi. Propani na butani ni viyeyushi: huingia katika mpira wa kawaida, huufanya uvimbe, kisha hutoa vitu vinavyoulainisha, nao hukakamaa na kupasuka. Mpira wa gesi umetengenezwa kwa malighafi isiyoyeyushwa nazo. Nunua wenye alama ya ubora na tarehe, na uubadilishe pindi unapoona nyufa, uvimbe au ugumu.

Nne, kuuweka mtungi shimoni, chini ya kitanda au katika chumba kisicho na upenyo. Mvuke wa gesi hii ni mzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu hadi mbili. Hautoki kwa kupanda juu kama moshi wa kuni. Hutambaa sakafuni na kujikusanya palipo chini. Ikifika takriban sehemu mbili katika mia za hewa ya chumba, cheche moja inatosha.

Ukisikia harufu

Gesi hii kwa asili haina harufu kali. Harufu ya kuoza unayoisikia imetiwa makusudi ili ikuonye. Ukiisikia, usiwashe wala usizime swichi ya umeme, usiwashe kiberiti, usipige simu ukiwa ndani. Funga vali ya mtungi ukiweza kuifikia kwa usalama, fungua milango na madirisha, watoe watu wote, kisha ukiwa nje piga simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, ambayo hailipiwi. Kutafuta penye uvujaji hufanywa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa mwali wa moto.

Haki yako mbele ya muuzaji

Mnunuzi wa gesi ana haki ya kupimiwa mtungi mbele ya macho yake, kupewa mtungi wenye lakiri nzima, na kupewa risiti. Kudai mizani si ugomvi wala dharau kwa muuzaji. Muuzaji mwaminifu hufaidika, kwa kuwa mara nyingi mtungi pungufu humfikia akiwa hajui, na akiupima ataweza kuukataa kwa aliyemletea.

Ukipunjwa, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na mtungi, risiti na namba za mizani. Asipokusikiliza, masuala ya uzito yapeleke Wakala wa Vipimo; masuala ya huduma na usalama wa gesi ya mitungi yapeleke Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA; na masuala ya ubora wa vifaa kama mipira, vidhibiti na majiko yapeleke Shirika la Viwango Tanzania. Malalamiko yenye namba mbili, tarehe na jina la duka hushughulikiwa kwa urahisi kuliko malalamiko ya maneno matupu.

Mwenyeji wa Mwandiga hadanganyiki na mawese yaliyogawanyika, kwa sababu anaijua tabia yake. Tungependa aujue na mtungi wa gesi kwa kiwango hicho hicho. Aelewe kwamba moto mkali si ushahidi wa mtungi uliojaa, kwamba baridi si dalili ya gesi kwisha, na kwamba chuma kimefunga vitu viwili, kimiminika na mvuke, ambavyo hutii joto na mgandamizo bila kujali bei iliyolipwa. Kisha, kabla ya kutoa fedha, aseme kwa upole maneno matatu: "Naomba tupime kwanza."